Kuchagua dawa ya mchwa na sisimizi nyumbani: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Ukiingia duka la pembejeo ukasema tu "nataka dawa ya mchwa," muuzaji atakuwekea mezani kichupa cha mililita 100, atakwambia "hii ndiyo kiboko yao," na wewe utaenda kunyunyizia ukutani mpaka harufu ijae nyumba nzima. Baada ya miezi michache mchwa wamerudi, na lawama zote zinaishia kwa dawa: feki, imechakachuliwa, siku hizi hakuna dawa. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa nzima, ila ilipelekewa mdudu siye, ikamwagwa mahali sipo, au ilitiwa maji kidogo kuliko kazi ilivyotaka. Hilo la maji ndilo linaloangusha wengi, nitalifanyia hesabu huko mbele.

Hatua ya kwanza: mjue mdudu

Chukua tochi na bisibisi, zunguka nyumba nje na ndani. Angalia msingi, kona za kuta, nyuma ya makabati, fremu za milango, na ukiweza panda darini uone kenchi.

Ukikuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, hao ni mchwa wa ardhini. Makao yao yako chini au kwenye kichuguu, na ngozi yao laini hukauka upesi, ndiyo maana hawatembei peupe bila kujijengea paa la udongo. Vunja kipande cha kijia chenye urefu wa kidole, halafu kirudie kesho kutwa. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi wenye rangi ya kukolea, kazi inaendelea. Kikiwa hakijaguswa, usishangilie bado: huenda wamebadili njia tu. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi; mbao iliyoliwa ndani hutoa sauti ya debe tupu, na ncha ya bisibisi ikiisukuma hupenya kama kwenye kadibodi.

Ukikuta punje ndogo kavu, kama mchanga, zimerundikana chini ya kitanda au kiti na hakuna udongo popote, hao ni mchwa wa mbao kavu. Ukizipiga picha kwa simu na kuikuza utaona zina pembe, kila moja na pande sita. Ni kinyesi chao. Mchwa hawa wamejaa miji ya pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, na wanaishi humohumo ndani ya mbao bila kuhitaji ardhi. Hata ukimwaga pipa zima la dawa kwenye msingi hutawagusa.

Unga laini kama sembe, wenye vitundu vya mviringo juu ya mbao, ni kazi ya mbawakawa wanaobungua. Huyo ni mdudu mwingine kabisa, ingawa tiba yake inafanana na ya mchwa wa mbao kavu.

Msimu wa mvua wadudu wenye mabawa wakijaa kwenye taa, angalia mmoja kwa karibu. Kumbikumbi, ambaye ni mchwa, ana mabawa manne yanayolingana urefu, kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba kilichokatika, vipapasio vilivyokunjwa kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Kwa kweli mchwa ni jamaa wa mende, wala hana udugu wa karibu na sisimizi. Ndiyo maana dawa inayomaliza mmoja inaweza isimfanye lolote mwenzake.

Hatua ya pili: dawa inayofukuza au isiyofukuza?

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na wauzaji wachache sana watakueleza.

Kundi la kwanza ni paretroidi: sipamethrini, deltamethrini, lamda-sihalothrini, bifenthrini. Kwenye lebo majina yameandikwa kwa Kiingereza lakini matamshi yanakaribiana. Hizi zinaua haraka, na zinafukuza. Mchwa akinusa udongo wenye dawa hii hugeuza na kutafuta upenyo mwingine. Ukiacha nafasi ndogo tu, sehemu ambayo dawa haikufika kwa sababu kulikuwa na jiwe au bomba la maji, watapita hapo. Ufa wa upana wa milimita moja unawatosha.

Kundi la pili ni fipronili na imidaklopridi. Hizi hazifukuzi wala haziui papo hapo. Mchwa anapita kwenye udongo wenye dawa bila kujua, anarudi kwa wenzake, wanalambana na kugusana kama ilivyo desturi yao, na dawa inasambaa kundini. Utaanza kuona matokeo baada ya siku hadi wiki. Kwa nyumba ambayo imeshajengwa na ina mchwa wa ardhini, mimi ningechagua kundi hili bila kusita, kwa sababu ni vigumu sana kuweka uzio usio na upenyo kuzunguka nyumba iliyokwisha simama. Kwa nyumba inayoanza, ambapo udongo wote uko wazi, bifenthrini iliyosajiliwa kwa mchwa wa majengo nayo hufanya kazi vizuri.

Kundi la tatu ni klorpirifosi, dawa ya harufu kali ambayo mafundi wengi wameizoea. Inaua, lakini ni ya jamii inayoshambulia mishipa ya fahamu ya binadamu pia, na watoto ndio walio hatarini zaidi. Umoja wa Ulaya uliifungia mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, zikiacha misamaha ya muda kwa baadhi ya matumizi. Ndani ya nyumba ya kulala watu sioni sababu ya kuitumia wakati mbadala upo.

Ukimsikia fundi mzee anasifia aldrini au dieldrini, anasema kweli kwamba zilikuwa zinadumu. Kudumu huko ndiko kulikoziponza: hazivunjiki, zinakaa kwenye udongo, kwenye samaki na kwenye maziwa ya mama. Pamoja na klorodeni na heptaklori, zilikuwa miongoni mwa kemikali 12 za mwanzo kwenye mkataba huohuo uliosainiwa mwaka 2001. Mtu akikuuzia leo "aldrini ya kupima" kwenye chupa ya maji, ama ni sumu haramu ama si aldrini.

Na harufu isikudanganye. Dawa zenye herufi EC kwenye lebo huyeyushwa kwa kimiminika jamii ya mafuta, na harufu unayoisikia sehemu kubwa ni ya hayo mafuta. Zenye SC au SL huchanganywa kwa maji na huenda usisikie chochote, na ndizo zinazofaa zaidi karibu na vyumba.

Hatua ya tatu: soma lebo ukiwa dukani

Usikubali dawa ya kupimiwa. Chupa iwe na mfuniko ambao haujafunguliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya usajili, jina la kiini cha dawa, yaani kemikali yenyewe inayoua, na kiasi chake kwa lita. Tanzania usajili ni wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Kenya ni wa bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Halafu tafuta kama lebo imetaja mchwa wa majengo. Dawa ya viwavi vya mahindi inaweza kuwa na kiini kilekile, lakini vipimo vyake ni vya shambani, na utabaki unabahatisha.

Chini ya lebo kuna ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa, inafuata njano, halafu bluu, na kijani ndiyo ya hatari ndogo kuliko zote. Kwa nyumbani, nyekundu iache dukani.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini visiingie kabisa kwenye mjadala wa mchwa. Kuna watu huvitumbukiza kwenye mashimo karibu na vyumba. Gesi ile hupita kwenye nyufa na imeua watu usingizini.

Hatua ya nne: hesabu ya maji

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9. Mzunguko wake ni mita 42. Kanuni inayotumika sana kwa uzio wa dawa kwenye udongo ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Kwa kina cha sentimita 30 tu, hiyo ni lita 210. Msingi ukienda chini sentimita 60, zidisha mara mbili.

Sasa linganisha na bomba la mgongoni la lita 16. Bomba moja linatosha mita tatu na ushee. Nyumba hii inahitaji mabomba 13. Fundi anayezunguka nyumba nzima kwa bomba moja na kukudai hela yake amelowesha vumbi la juu tu.

Upande wa dawa: tuseme umenunua imidaklopridi yenye gramu 200 kwa lita, na lebo inataka mchanganyiko wa asilimia 0.05. Asilimia 0.05 ni gramu 0.5 za kiini kwa lita moja ya maji. Kila mililita ya dawa yako ina gramu 0.2, kwa hiyo unahitaji mililita 2.5 kwa lita. Kwa lita 210 ni mililita 525. Kile kichupa cha mililita 100 kingekupa lita 40, yaani mita nane. Hakimalizi hata upande mfupi wa nyumba. Ukiifanya hesabu hii nyumbani kabla ya kwenda dukani, utajua pia kama bei unayotajiwa na kampuni ya fumigesheni inaendana na kazi. Lebo yako ikitaja kipimo tofauti, fuata lebo.

Kuongeza dawa "ili iwe kali" hakusaidii. Zile zisizofukuza, ukizikoleza kupita kiasi mchwa anakufa palepale kabla hajazifikisha kwa wenzake, na umezigeuza kuwa dawa ya kawaida kwa bei ya juu.

Hatua ya tano: kuimwaga

Kama ndiyo unajenga, shukuru. Hakuna wakati rahisi kuliko huu. Kifusi kikishashindiliwa, kabla ya kutandika nailoni na kumwaga jamvi, mwaga lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Kwa nyumba yetu ya mita za mraba 108 ni kama lita 430 hadi 540. Tumia keni ya kumwagilia au bomba la mvua nyepesi, ili dawa inywe taratibu isichirizike. Nailoni na zege zifuate mapema, mvua isije ikaosha kazi yako. Sehemu zinapopita bomba za maji na nyaya ziongezee, maana mchwa hupenda kupandia hapo. Vibanzi vya mbao na vipande vya maboksi vilivyofukiwa kwenye kifusi viondoe vyote kwanza. Fundi akiviacha amewaandalia mchwa chakula chini ya sebule yako.

Kwa nyumba iliyokwisha, chimba mfereji mwembamba kando ya msingi, upana wa sentimita 15 na kina cha 15 hadi 30. Chini ya mfereji toboa kwa nondo kila baada ya sentimita 30 ili dawa ishuke. Mimina kiasi ulichopiga hesabu, na udongo unaorudisha nao uuchanganye na dawa tabaka kwa tabaka. Penye sakafu ya zege, kama varanda, mashimo hutobolewa kwa drili kila sentimita 30 kando ya ukuta, dawa ikamiminwa, kisha yakazibwa kwa saruji. Kazi hii ya drili ningemwachia mtu mwenye leseni na vifaa, hasa ukiwa hujui bomba zimepita wapi.

Vijia vya ukutani usivibomoe kabla ya kumwaga dawa isiyofukuza. Waache wapite. Vibomoe baada ya wiki mbili tatu, ndipo utajua kama vinajengwa upya.

Usimwage mvua ikiwa inakuja, wala udongo ukiwa umelowa chapachapa. Na kama una kisima kifupi kama vile vya pwani, au karo la samaki, simama kwanza. Fipronili na paretroidi zote ni sumu kali kwa samaki, na imidaklopridi husafiri na maji ya ardhini. Karibu na kisima, chimba udongo, uchanganye na dawa juu ya turubai mbali na hapo, uuache ukauke kidogo, ndipo uurudishe. La sivyo tumia njia ya kuzuia bila kemikali.

Kichuguu kikiwa uani, toboa kwa mtaimbo matundu kadhaa yaendayo katikati, na mimina mchanganyiko mpaka kikatae. Kikubwa hunywa ndoo kadhaa. Wanaochimba kumtoa malkia wana hoja, ila makundi mengine huwa na malkia zaidi ya mmoja, kwa hiyo chimba hadi uhakikishe. Baada ya kutia dawa, kichuguu hicho kimeshakuwa cha sumu: msile kumbikumbi wake, msiwape kuku mchwa wake, na uyoga wake uachwe. Waambie kabisa na wajawazito wa hapo jirani, maana wapo wanaochukua udongo wa kichuguu kwa ajili ya kula, na hakuna atakayekuja kukuuliza kama umetia kitu.

Chambo za mchwa za kwenye vijumba vya plastiki, zile unazoona kwenye video za Marekani, zilitengenezwa kwa aina za huko. Mchwa wengi wa kwetu hulima ukungu wa chakula ndani ya kichuguu, na hawazichangamkii vilevile.

Mchwa wa mbao kavu, na mbao mpya

Hapa tiba inaingia ndani ya mbao. Kiti au kitanda kilicholiwa sana, kitoe. Kukiweka ni kufuga. Kilicholiwa kidogo, tafuta vitundu wanavyotolea zile punje, piga sindano ya dawa ya jamii ya boroni au fipronili iliyosajiliwa kwa mbao, kisha ziba kwa nta au puti. Fagia punje zote siku hiyo. Zikionekana mpya baada ya mwezi, rudia. Kupaka juu ya vanishi hakufiki popote.

Ukinunua mbao za kenchi, lipia zile zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijanikijani. Kila ukikata, paka dawa kwenye kidonda kipya, maana katikati ya mbao huenda haikufikiwa. Mabaki yake yasipelekwe jikoni kupikia: nyingi zina arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Oili chafu ya gari inayopakwa na mafundi inafukuza kwa muda, inanuka, haipenyi, na inachafua dari. Moyo wa mvule au mninga hauhitaji shida hizi, ila bei yake unaijua.

Sisimizi wa jikoni

Kupulizia mstari wa sisimizi kwa dawa ya kopo ya mbu na mende kunaua wale uliowaona. Malkia yuko ukutani anaendelea kutaga. Wale wadogo sana wenye rangi ya manjano ndio wabaya zaidi: wakishtuliwa na dawa inayofukuza, kundi hujigawa, na badala ya mstari mmoja unapata mitatu.

Wape chambo. Kwanza jaribu wanataka nini: weka jioni punje za sukari upande mmoja na kipande cha dagaa upande wa pili, uone wamejaa wapi. Wapenda sukari watengenezee maji ya mililita 100, sukari gramu 10 na asidi ya boriki gramu 1. Unga huu huuzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa, na ndio ambao wacheza keram wengi hunyunyizia ubao wao. Soma pakiti uhakikishe ni boriki. Usiuzidishe. Ukizidi, wanakufa njiani kabla ya kulisha wenzao. Lowesha pamba, iweke kwenye vifuniko vya chupa njiani mwao, na kwa siku chache uvumilie kuwaona wameongezeka. Jeli ya chambo yenye fipronili au indoksakabu hufanya kazi hiyohiyo, tone moja moja. Wakati huo usipulizie chochote hapo na usifute njia kwa sabuni. Weka mahali mtoto hafiki; unga ule mweupe unafanana na sukari ya kusaga.

Siafu ni habari nyingine. Hawana kiota cha kudumu, wanapita kuwinda. Mtoe mtoto mchanga, fungua banda la kuku, mfungue mbuzi aliyefungwa kamba, uwaache wapite. Ndani ya saa chache au siku moja mbili wameondoka, na mende zako wameondoka nazo. Majivu ya moto mlangoni yanatosha. Majimoto wa kwenye mwembe au mkorosho waache kabisa, wanakulia wadudu waharibifu wa matunda. Kata tu tawi linalogusa paa.

Mwili wako kwanza

Glavu za mpira, buti, shati la mikono mirefu, miwani na barakoa, hata jua likiwaka. Pima kwa bomba la sindano au kikombe ambacho hakitarudi jikoni kamwe. Watoto na wanyama wakae nje mpaka pakauke. Paka hudhurika sana na baadhi ya paretroidi. Mtu akianza kutoka jasho na mate kupita kawaida, kubanwa kifua, kutapika au kutetemeka, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi, mkimbizeni hospitali na chupa yenye lebo mkononi. Msimpe maziwa na msimtapishe. Mafuta ya dawa za EC yakiingia mapafuni huleta tatizo la pili. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji ya kusuuza yaingie kwenye mchanganyiko, kisha itoboe isije ikageuka ya kuwekea mafuta ya taa.

Baada ya hapo kagua kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, na kila mwanzo wa mvua miaka inayofuata. Acha sentimita 15 za msingi zionekane juu ya udongo, rundo la kuni likae mbali na ukuta. Ukichimbia bomba jipya la maji au ukipanda maua kando ya nyumba, hesabu kwamba kipande hicho hakina dawa tena: kichanganyie lita zake tano kwa mita, umwage upya kabla ya kufukia.